Mota Haisifiwi Mezani

Mafundi wa kusuka mota wana desturi yao moja, na ukiwa mgeni wa kazi hiyo utadhani ni roho mbaya. Kazi haisifiwi siku inapokamilika. Mota iliyoungua inafunguliwa, waya uliokaangika unatolewa, shaba mpya inapangwa kwenye vijifereji vyake, inapakwa vanishi, inakaushwa, inafungwa. Ukiiwasha pale mezani itanguruma vizuri tu, kwa sababu mezani haibebi kitu. Mota hujulikana ikishafungwa kwenye mashine na kuvuta mzigo miezi sita, saba, bila kurudi. Ikirudi inanuka moshi, aliyeisuka alikuwa bado. Isiporudi, hakuna anayekuja kusema asante, ila fundi mwenyewe anajua. Kwa hiyo ukiulizwa kazi ya mwanafunzi wako ikoje, unajibu, "Si mbaya, tutaona." Hilo ndilo jibu la heshima, na kinachozidi hapo ni kumharibu mtoto wa watu.

Fundi huyu tunayemsema alikuwa amelishika jibu hilo miaka ishirini na mitatu, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Ndani mlikuwa na meza mbili, kalibu za mbao za kuviringishia waya zimetundikwa ukutani kwa ukubwa wake, na debe lenye balbu ya wati mia ndani yake, ndilo jiko la kukaushia vanishi. Mwaka ule alikuwa na mwanafunzi mmoja, na mwanafunzi mwenyewe ni binti yake wa kwanza. Wateja walimwita Sindano, kwa ule wembamba wake na kwa vidole vilivyopita mahali ambapo vidole vya baba yake vilikwisha kuacha kupita.

Sindano hakuja pale kumsaidia baba. Aliletwa na shule. Ofisi ya elimu ya wilaya ilikuwa imetangaza kwamba shule peke yake haiwezi kumwandaa kijana kwa chuo na kwa kazi, lazima ishikane mikono na jamii. Basi wenye karakana, saluni, zahanati na maduka ya dawa wakaitwa kwenye ukumbi wa sekondari, wakapewa maji ya chupa na beji ya plastiki iliyoandikwa "Mshirika wa Jamii". Kila mshirika angekaa na mwanafunzi wa kidato cha mwisho kwa wiki kumi na mbili, kisha angejaza fomu ya kumpima. Alama za fomu zingejumlishwa na za mtihani, nusu kwa nusu, na wilaya nzima ingetoa vijana kumi na watano wa kwenda chuo cha ufundi, miaka miwili, kila kitu kimelipiwa. Sindano alikuwa wa pili darasani. Nyumbani kwao, chuo cha kulipiwa kilikuwa ndicho chuo pekee kilichokuwepo.

Mwalimu aliyesimamia mpango, mama mpole aliyetembea na mafaili kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, ndiye aliyeuliza mbele ya ukumbi: huyu mwanafunzi wa mota baba yake ndiye fundi, na fundi mwingine wa mota mji huu hayupo, sasa atapimwa na nani? Watu wakacheka. Fundi akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama kwenye vikao, na darasani alikuwa ameishia la saba, lakini beji ile ilikuwa imemkaa vizuri kifuani.

"Mimi nitampima kama mtoto wa jirani," alisema.

Alipigiwa makofi. Ofisa aliyetoka wilayani akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema hawa ndio washirika tunaowataka, jazeni fomu kwa ukweli, tunataka ukweli. Fundi alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Wiki ya kumi na mbili ilipofika alinawa mikono kwa petroli na kwa sabuni, akavaa miwani, akakaa na fomu mezani. Ilikuwa na miraba kumi na miwili, na kila mraba ulitaka namba kuanzia moja mpaka tano.

Kuwahi kazini. Aliwaza, akaandika nne, kwa sababu ilikuwepo Jumanne moja walichelewa. Walichelewa wote wawili, maana yeye alikuwa akitafuta hiyo miwani, lakini saa ni saa. Usalama, akampa nne. Umakini, tatu. Hapo kalamu ilisita kidogo. Wiki ya nne alikuwa akiviringisha koili huku akibishana na mteja, hesabu ikampotea, na binti aliyekuwa meza ya pili akikata karatasi za kuzuia umeme akasema bila kuinua kichwa, "Themanini na moja, baba. Bado tatu." Fundi alikuwa amemkemea kwamba kila mtu aangalie kazi yake. Sasa akajiambia kuwa kukumbuka hesabu ya mwenzio si umakini bado, ni masikio tu, akaiacha tatu yake.

Kwenye ubora wa kazi alikaa muda mrefu zaidi. Sindano alikuwa amesuka mota nne kwa mkono wake, mojawapo ile kubwa ya Mama Unga, mwenye mashine ya kusaga karibu na soko. Zote zilikuwa zinafanya kazi. Lakini hiyo ya Mama Unga ilikuwa na wiki tatu tu, na wiki tatu kwa mota ni sawa na kumsifu bibi harusi kabla hajaosha chombo. Akaandika tatu. Miraba iliyobaki aliijaza kwa moyo huohuo, na chini, palipoandikwa "Maoni ya mshirika", akaandika kwa herufi kubwa: ANAJIFUNZA. TUTAONA.

Jirani yake, Fundi Simu, alikuwa ameegemea mlango akila karanga. Yeye fomu yake alikwisha kuijaza kwa dakika mbili. Mwanafunzi wake alikuwa amemaliza wiki kumi na mbili akichaji simu yake mwenyewe na kusinzia nyuma ya kaunta, na alikuwa amepewa tano tupu, mraba hadi mraba.

"Fundi, unamfanyia nini mtoto?" aliuliza Fundi Simu. "Karatasi haina koo. Ukiiandikia tano haipaliwi."

Fundi akamwambia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba huko wilayani wako watu waliosoma, watajua tatu ya fundi ni ipi na tano ya mpiga porojo ni ipi. Fundi Simu akacheka, akamimina maganda ya karanga nje, akaenda zake.

Sindano aliisoma fomu akiwa amesimama. Akauliza kama tatu si wastani. Baba yake akamwambia tatu ni nzuri sana, kwamba yeye mwenyewe alipomaliza kwa mwalimu wake aliambiwa nenda ukafie mbele, na hiyo ndiyo ilikuwa shahada yake. Binti alicheka mpaka akashika meza. Alimwamini. Akaikunja fomu kwa uangalifu, akaitia kwenye bahasha, akaipeleka shuleni kwa mkono wake mwenyewe.

Mitihani ikafanyika, matokeo yakatoka, na mwezi mmoja baadaye orodha ya chuo ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya wilaya. Sindano alikwenda asubuhi amevaa gauni lake la kanisani. Saa nne alikuwa karakana. Alivaa aproni juu ya lile gauni, akavuta mota ya pampu iliyokuwa sakafuni, akaanza kukata waya ulioungua.

Fundi akamuuliza vipi.

"Halipo," alisema.

Jina halipo vipi na mtu alikuwa wa pili? Fundi alisema labda ametazama ukurasa mmoja tu, labda zimebandikwa mbili. Binti akajibu kwamba ametazama kwa kidole, jina kwa jina, mara tatu, mpaka waliokuwa nyuma yake wakamwambia apishe. Kisha akasema kwamba jina la mwanafunzi wa Fundi Simu lipo. Aliyasema hayo bila kulia, na Fundi, ambaye angejua la kufanya na mtoto anayelia, alibaki ameshika bisibisi.

Mchana ule alikwenda shuleni yeye na mkewe. Mkewe alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya wageni, na alitoka kazini na vidole vyake vimekunjamana kwa maji na sabuni. Mwalimu wa mpango aliwafungia mlango kabla ya kuwaonyesha karatasi. Mtihani: themanini na mbili. Fomu: sitini na tatu. Wastani: sabini na mbili na nusu. Aliyekuwa wa mwisho kuchukuliwa alikuwa na sabini na tisa. Mwanafunzi wa Fundi Simu alipata sitini na moja kwenye mtihani na mia kamili kwenye fomu, akapita.

"Nani alimpa sitini na tatu?" mama aliuliza.

Mwalimu aliangalia mafaili yake. Fundi naye aliangalia mafaili ya mwalimu. Haikuchukua muda mama akaelewa, na alipoelewa alikaza kitambaa chake cha kichwani.

Fundi alimuuliza mwalimu kwa nini hakumwita alipoiona ile fomu. Mwalimu alisema aliiona, na ilimshtua. Lakini alikuwepo ukumbini siku ile Fundi alipoahidi, akadhani mzee anajua anachokifanya, akadhani pengine msichana hakuiweza kazi na baba anaona haya kusema. Na walikatazwa kugusa fomu za washirika. "Nisamehe," alisema, na alionekana anasema kweli, lakini msamaha haukuwa na mraba wake pale.

Njiani mama alitangulia. Nyumbani aliteka maji, akawasha moto, akamtuma mtoto mdogo dukani, na alipobaki peke yake na mumewe ndipo aliposema.

"Baba watoto, nieleze taratibu, maana mimi sikusoma sana. Mtoto alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Aliharibu kazi?"

"Hakuharibu."

"Basi ilikuwaje?"

Fundi alijaribu kumweleza kuhusu mota na mzigo, kuhusu miezi saba, kuhusu namna mwanafunzi anavyoharibika kwa sifa. Alipoona maneno yanamwishia akashika methali, kama tunavyofanya sote tukiishiwa. Alisema mchelea mwana kulia hulia yeye.

"Wewe hukumchelea," mkewe alisema. "Sasa mbona tunalia wote?"

Fundi aliutazama moto.

"Ulitaka makofi," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayesema jambo aliloliona zamani. "Mtu mzima, ukatamani upigiwe makofi na watu wenye tai. Ungekuja nikupigie mimi."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa ametumia miaka yake yote kukwepa kumsifu mtu, kumbe mwenyewe alikuwa na njaa ya sifa kuliko wanafunzi wake wote, na siku alipoipata kidogo aliilipia kwa mtoto. Alikaa kwenye kigoda chake na kuona aibu, aibu kavu, isiyo hata na machozi ya kuilainisha.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Unga. Mashine ilikuwa inasaga. Aliomba ruhusa, akapita nyuma, akaweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa ya uvuguvugu, kama paji la uso la mtoto mzima. Akasikiliza. Haikutetemeka, haikuguna, ilikuwa inavuta mzigo wa gunia baada ya gunia, na imetimiza miezi saba na siku kadhaa. Alimuuliza Mama Unga kama imewahi kuzima. Mama Unga akasema hata siku moja, na mbona anauliza, kuna ubaya gani? Fundi akasema hakuna ubaya. Alisimama pale unga ukimwangukia mabegani, na sasa alijua kwa hakika, kama fundi anavyojua, kwamba ile kazi ilikuwa tano. Yeye mwenyewe katika umri wa Sindano asingeiweza.

Aliomba aandikiwe. Mama Unga hakuwa na karatasi, akachana kipande cha mfuko wa unga, akaandika kwamba mota iliyosukwa na binti wa Fundi haijamsumbua, akaweka namba ya simu na sahihi iliyojaa nafasi yote.

Ofisi ya wilaya ilikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa na daftari. Palikuwa na jina, saa, na sababu ya kuja. Fundi akaandika "Kusahihisha kosa". Mlinzi akasoma, akauliza kosa la nani.

"Langu."

Mlinzi akamtazama juu mpaka chini, akamwambia afungue mfuko. Mlikuwa na karatasi ya matokeo, miwani, na kile kipande cha mfuko wa unga. Akaambiwa aketi kwenye benchi. Alikaa kuanzia saa tatu mpaka saa saba na nusu. Watu waliokuja baada yake wakiwa na mikoba na viatu vya kung'aa waliingia na kutoka, na kila mlango ulipofunguliwa alisimama nusu, kisha akaketi tena. Mara ya nne aliacha kusimama.

Ofisa wa mpango alikuwa kijana, tena mwenye adabu. Alikuwa ndiye yule aliyeandika kwenye daftari siku ya kikao. Alipoambiwa ni Fundi wa mota alinyanyuka na kumpa mkono.

"Mzee wangu, nimekuwa nikitamani kukuona," alisema. Akaeleza kwamba fomu zilizoletwa zilikuwa zaidi ya mia mbili, na karibu zote zina tano kuanzia juu mpaka chini, wengine hata walimpa tano mwanafunzi ambaye hakuripoti kabisa. Fomu ya Fundi ilisomwa kwenye kikao cha wakubwa. Ikasemwa, hii sasa ndiyo fomu.

Moyo wa Fundi ulipanda. Alidhani amefika alikokuwa akienda. Akasema kama wamejua yake ndiyo ya kweli, basi wamchukue huyo wa kweli.

Ofisa alikuna shingo. Alisema kompyuta haijui nani mkweli, inajumlisha tu, na orodha imekwisha kwenda chuoni.

Fundi akatoa kipande cha mfuko wa unga, akakitandaza mezani kwa viganja viwili. Alieleza yote, mota, mzigo, miezi saba. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho, na hilo nalo lilikuwa jambo, maana wangapi husikiliza. Kisha akaitafuta fomu kwenye kompyuta, akaigeuza skrini upande wa Fundi, akamwonyesha maandishi madogo juu ya sahihi yake: Nathibitisha kwamba niliyojaza hapa ni kweli tupu.

"Ukiniambia leo kwamba ulidanganya, nitalazimika kuifuta fomu nzima. Binti atabaki na sifuri badala ya sitini na tatu."

"Sikudanganya," Fundi alisema. "Wakati ule ilikuwa tatu. Sasa ni tano."

Ofisa aliitazama tena ile skrini. Alionekana anatafuta kwa dhati.

"Mzee wangu, hapa hapana mahali pa kuandika sasa," alisema.

Akamwambia iko orodha ya akiba, na Sindano ni wa tisa, huwezi jua, watu huacha nafasi. Halafu, kwa nia njema kabisa, akamwomba jambo. Mwezi ujao kutakuwa na semina ya washirika wapya, na wangependa aje asimame aeleze umuhimu wa kujaza fomu kwa ukweli. Angerudishiwa nauli. Fundi alisema atafikiria. Alikikunja kile kipande cha mfuko, na alipokuwa anatoka alimwona ofisa akifuta unga mezani kwa karatasi laini, taratibu, asimwaibishe mgeni.

Wakaisubiri akiba. Simu ya nyumbani ilikuwa moja, na mama ndiye aliyetembea nayo katika mfuko wa aproni, akifua kwa mkono mmoja kila ilipolia. Ililia mara nyingi. Wengi walitaka mota. Wiki ya pili ilionekana namba ya mezani, isiyojulikana, na mama alikimbia nayo mpaka karakana bila kuipokea, akiogopa kuikosea maneno. Ilipopigwa tena Sindano akaipokea. Walikuwa wanauliza kama hii ni nyumba ya wageni, wana mgeni wao aliyesahau shati huko.

Chuo kilifunguliwa Jumatatu. Mwanafunzi wa Fundi Simu alipita pale na begi jipya kuaga, na akamwambia Sindano, bila ubaya wowote, kwamba amechaguliwa kusomea umeme na hajui hata waya upi ni upi, pengine atampigia simu amwelekeze. Sindano akamwambia apige tu wakati wowote. Alipiga kweli, mara mbili wiki ya kwanza. Sindano alisimama nje ya kibanda akimweleza kwa subira, akichora mistari ya waya kwenye vumbi kwa ncha ya kiatu kana kwamba yule wa upande wa pili anaiona.

Siku zikaenda. Sindano alikuwa wa kwanza kufika karakana na wa mwisho kutoka, kwa maana hakuwa na pengine pa kwenda. Siku moja, wakiwa wanapaka vanishi, Fundi alijikaza na kusema lile aliloshindwa kulisema miaka ishirini na mitatu kwa mtu yeyote.

"Ile ya Mama Unga ilikuwa kazi ya tano."

Sindano hakuacha kupaka.

"Najua, baba," alisema. "Nilijua siku ile naifunga."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira baba yake angeshukuru. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya kitu ambacho hakiuzwi tena, akachovya brashi, akaendelea.

Mwaka mpya wa mpango ulipoanza, mwalimu alikuja na mafaili yake kifuani na wanafunzi wawili nyuma yake, kijana mrefu na msichana mwenye miwani. Alimsalimu Fundi kwa upole wa mtu anayejua kuna kidonda. Akasema kama hataki mwaka huu ataelewa. Fundi akasema awaache. Mwalimu akaweka fomu mbili mezani, akakumbusha kwamba zinajazwa wiki ya kumi na mbili, akaenda.

Wanafunzi walikuwa bado wamesimama na mabegi mgongoni. Fundi alivuta kiti, akavaa miwani, akawauliza majina yao kamili, akaandika. Kisha akaanza. Kuwahi kazini, tano. Nidhamu, tano. Usalama, tano. Umakini, tano. Mkono wake uliteremka ukurasa mzima bila kusita popote, na ulipofika chini ya fomu ya kwanza ukapanda juu ya fomu ya pili.

Sindano alikuwa amesogea nyuma yake. Alitazama mpaka mraba wa mwisho.

"Baba, hawa hawajashika hata bisibisi."

"Waonyeshe pa kukaa," alisema Fundi. Akaweka sahihi chini ya yale maandishi madogo, mara mbili.

Sindano aliwapeleka meza ya pili. Aliwapa waya wa shaba waushike, wajue unene wake kwa vidole kabla ya kuujua kwa kipimo, na akaanza kuwaeleza kwa nini koili moja ikizidi mzunguko mmoja mota nzima inaumwa. Alieleza vizuri, polepole, na kijana mrefu akawa anaitikia kwa kichwa. Msichana mwenye miwani aliuliza kama na yeye dada alipita kwenye mpango huu. Sindano akasema alipita, mwaka jana.

"Ulipata ngapi ubora wa kazi?"

Sindano hakumtazama baba yake.

"Tatu," alisema.

Msichana akamtazama, kisha akautazama waya aliokuwa ameushika. Alikuwa mtoto mwenye malezi, na alichagua maneno yake. Akasema dada asimwelewe vibaya, lakini kwao nyumbani wanategemea sana hizi alama, kwa hiyo kama inawezekana yeye angependelea kufundishwa na Fundi mwenyewe.

Kibanda kizima kilisikia. Fundi alikuwa bado ana kalamu mkononi.

"Baba," Sindano akaita, "wanakuhitaji huku."

Fundi akaja. Akakaa kwenye kiti cha binti yake, akapokea waya, akaanza kuwafundisha kuhesabu mizunguko, moja, mbili, tatu. Sindano akachukua fagio, akaanza kukusanya waya ulioungua.